Alama ya Isaac Mfumaji

Neema, wewe na wenzako wa meza ya nyuma mliniomba, siku ile ya keki, niwaandikie kazi hii ilikuwaje kabla yenu. Mliniomba kwa kicheko, mkidhani nitakataa. Sasa nimestaafu wiki ya tatu, nimekaa jikoni kwangu Thornton Heath, dirisha nimeshalifuta mara mbili, basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha mdomoni, hakijawahi kukaa vizuri kwenye karatasi. Bwana Colin akitaka kujua nimemsema nini, atafute mfasiri.

Mshahara sitauandika, wala vyeo. Vyeo nilipewa viwili katika miaka ishirini na mitatu, na kila mara kazi ilibaki ile ile, jina lake tu likawa refu. Na mimi niliishia darasa la nne, kule Upareni. Naliweka mbele hapa ili asitokee mtu akaligundua baadaye kama siri.

Ofisini kwetu niliingia na ndoo. Ilikuwa ghorofa ya pili, karibu na stesheni ya Farringdon, vyumba vitatu vyenye harufu ya maboksi ya karatasi. Waliponieleza kuwa hapa mtu anakuja kutafutiwa babu wa babu yake, nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu mtu asiyemjua babu wa babu yake anaulizwa amelelewa na nani. Huku anajaza fomu na anasubiri miezi mitatu.

Siku ya kwanza niliharibu kazi ya watu. Kulikuwa na meza moja imejaa vikaratasi, vingine sakafuni, vingine juu ya kiti, na mimi nimetumwa kusafisha. Nikavipanga. Vikubwa chini, vidogo juu, vikakaa kama mkate. Asubuhi mwenye meza akaja, mama wa Kiingereza, mrefu, mkavu, sweta lina viraka kwenye viwiko. Jina lake Bi. Ruth. Alisimama akaitazama meza muda mrefu. Ilikuwa familia moja, vizazi saba, wiki tano za kazi. Hakunigombeza. Akaniambia kuwa kwa vile nimevichanganya mimi, nitavirudisha mimi, naye atanionyesha kila kimoja kinakwenda wapi na kwa nini. Ikatuchukua jioni tisa. Ya kumi nilikuwa nimemwonyesha yeye kosa moja: mwanamke aliyewekwa kuwa mama wa mtu waliyepishana naye umri kwa miaka minane tu. Ndoo nikamwachia mwingine.

Bi. Ruth alikuwa fundi wa Wahugenoti. Msioijua habari yao, ni hivi. Walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa. Mfalme wao akawafutia ruhusa ya kusali kwao, akawabomolea makanisa, akawaambia waingie dini yake na wasitoke nchini. Wakatoka. Wengine usiku kwa miguu, wengine wamejificha ndani ya mapipa melini. Wengi walifika hapa London wakakaa Spitalfields, wakafuma hariri. Nyumba zao bado zipo, zina madirisha mapana juu kabisa, darini, kwa sababu mfumaji anataka mwanga. Jengo lao moja la kusalia leo ni msikiti. Bi. Ruth alinipeleka kuliona mvua inanyesha, akaniambia nitazame ukuta tu, nisiulize kitu. Ndivyo alivyokuwa akifundisha.

Kifaransa sijui. Nilijifunza maneno kama arobaini, ya daftarini tu: kubatizwa, kuoa, mjane, mfumaji, baba wa ubatizo, mama wa ubatizo. Kwa hayo arobaini nilifanya kazi nyingi kuliko wenye shahada, maana daftari la ubatizo halina hadithi. Linasema jambo lile lile kwa watu tofauti.

Vifaa vyetu mnavidharau, najua. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na kitabu cha zamani. Kioo cha kukuzia. Mito ya sponji ya kulaza kitabu kisivunjike mgongo. Na nyoka, yaani ile kamba nene ya kitambaa iliyojazwa chembe za risasi, unailaza juu ya ukurasa usijifunge. Mara ya kwanza Bi. Ruth aliponiambia nimpe nyoka nilirudi nyuma hatua mbili, naye akacheka, na hiyo ni moja kati ya mara nne nilizomwona akicheka. Glavu hatuvai. Wale wa kwenye televisheni wanaovaa glavu nyeupe wanapasua kurasa. Nawa mikono, kausha, basi.

Makosa yangu yalikuwa ya kwangu mwenyewe, hakuna Mwingereza angeyafanya. Ripoti yangu ya kwanza niliandika kuwa mtu mmoja, fundi saa, alikuwa na baba watatu. Bi. Ruth akaniita. Nikamwonyesha: huyu aliyemzaa, huyu kaka yake, huyu mdogo wake, wote wametajwa kwenye wosia. Akaniambia hao wawili si baba. Nikamwambia baba mkubwa na baba mdogo ni baba, kama si baba ni nini? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema niandike wanavyotaka wao, lakini nisiache kufikiri ninavyofikiri mimi. Akasema wale Wafaransa nao walikuwa wakifikiri hivyo kuliko wajukuu zao wanaotulipa.

Alinifundisha jambo moja ambalo hamtalikuta kwenye kozi. Mtoto daftarini ni jina tu, hana la kusema. Tazama nani amembeba siku ya ubatizo. Baba wa ubatizo hakuokotwa barabarani. Alikuwa babu, au shemeji, au jirani waliyevuka naye bahari.

Bi. Ruth alistaafu, akafa miaka miwili baadaye, nikaenda kumzika. Akaja Bwana Colin na kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta. Kazi ya wiki mnaimaliza asubuhi moja, na mgongo hauumi. Ugomvi wangu ni kuwa vitabu vikaanza kusomwa na watu wasioviona. Mtu wa zamani sana alilinakili daftari, mwingine akachapisha, mwingine akaingiza kwenye mashine, nanyi mnasoma cha huyo wa tatu. Nikimwambia Colin tuombe kitabu chenyewe, ananijibu kimeshachapishwa, Mama Mbwambo.

Sasa nifike kwa Doreen, maana ndiyo habari mnayotaka, mmekuwa mkiinong'ona nikipita.

Doreen Vautrel ana miaka themanini na moja. Alikuwa kondakta wa mabasi enzi za makondakta. Amepanga Kilburn, ghorofa ya tatu, nyumba ile ile zaidi ya miaka arobaini, hana mume wala mtoto. Mwenye nyumba akataka kuuza. Akampa barua ya kutoka. Halmashauri ikamtafutia chumba mji wa mbali pwani, asikomjua mtu, akaambiwa ana bahati. Kanisani mtu akamwambia kuna nyumba za wazee, hapa hapa London, zilizojengwa na wale wakimbizi wa Kifaransa kwa ajili ya wazao wao, na chumba kimoja cha chini kiko wazi. Jina lake la Kifaransa, basi ajaribu. Sharti lilikuwa moja. Lazima umtaje aliyevuka, kwa jina, umfuate mkono kwa mkono mpaka kwako. Wadhamini wangekutana baada ya wiki sita.

Akaja kwetu. Colin alifanya kazi haraka, na mwanzo ilikwenda vizuri. Kutoka kwa Doreen kwenda nyuma, hakuna tatizo, mpaka kwa mfumaji mmoja wa Spitalfields, Isaac Vautrel. Kulikuwa na ubatizo wa Isaac Vautrel, mtoto wa Pierre na Jeanne, na huyo Pierre tulikuwa na karatasi yake, ile barua ya kanisa waliyokuwa wakiipeleka wakihama, inasema ametoka Poitou pamoja na baba yake mzee, naye anaitwa Isaac. Colin akafurahi. Halafu kwenye daftari la mazishi la kanisa la mtaa akamkuta mtoto huyo amezikwa, miezi mitano.

Ubatizo mwingine wa Isaac Vautrel ulikuwepo, miaka minne baadaye, kanisa lingine la Wafaransa. Baba Pierre. Lakini mama si Jeanne, ni Marthe. Wala daftari halisemi Poitou. Colin akaamua ni Pierre mwingine, familia nyingine. Aliyethibitishwa kuvuka, mtoto wake amekufa. Aliyeishi akamzaa babu wa Doreen, haijulikani baba yake katoka wapi. Ripoti ikafungwa: uhusiano haukuthibitika.

Mimi nilitumwa kurudisha picha na vyeti vyake kwa mkono, kwa kuwa posta iliwahi kutupotezea. Hiyo tu. Tuna kanuni, mnaijua: wasaidizi hawaongei na mteja juu ya ripoti.

Nilipofika alikuwa ameshaisoma. Alinikaribisha, akanipa chai ya rangi ya maji, maboksi yamepangwa mpaka kwenye mlango wa choo. Akaniita mpenzi, kama wanavyoita kila mtu, hata dereva. Hakulia. Angelia ningemwekea bahasha mezani nikaondoka. Alichofanya ni kuishika ripoti mbali na macho, kama tiketi ya mtu anayemshuku.

"Hapa wanasema mtu wangu alikufa ana miezi mitano," akasema. "Sasa mimi nimetoka wapi?"

Nikamwambia siruhusiwi kuongea.

"Basi kunywa chai," akasema. "Mimi nitaongea."

Akaongea saa nzima. Hakuomba. Aliniuliza tu kama mimi nimeridhika. Nilipokuwa naondoka nilimwambia sijaridhika, na hapo kanuni nikawa nimeivunja, nikiwa na miezi mitano ya kumaliza kazi.

Nitawaambia kwa nini sikuridhika. Mimi naitwa Nakijwa. Kabla yangu alikuwepo Nakijwa mwingine, dada yangu, alikufa mchanga. Yeye alizaliwa na mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, na huyo mama naye akafariki. Mimi nimezaliwa na mke wa pili. Jina ni lile lile, kwa sababu halikuwa la mtoto wala la mama. Lilikuwa la bibi mzaa baba, na bibi alikuwa hai, amekaa anasubiri jina lake lirudi nyumbani. Baba angemwambia nini? Kuwa limeshatumika?

Kwa hiyo Colin alipoona mama wawili akaona familia mbili. Mimi nikaona mjane aliyeoa tena, na mzee Isaac bado yupo anangoja.

Nilikuambia hivyo Neema, unakumbuka. Ulinifungulia skrini.

"Mama, sistimu inasema amekufa."

"Sistimu haikumzaa."

"Sawa, lakini Bwana Colin atataka ushahidi. Si habari za Upareni."

Ulisema kweli, ingawa kwa mdomo mrefu. Ukanionyesha kuwa baba wa ubatizo, mara zote mbili, ameandikwa Isaac Vautrel. Nikamwendea Colin. Akanijibu kwa upole, na upole wake mnaujua. Akasema akina Isaac Vautrel wanaweza kuwa watatu, jina si mtu. Nikamwuliza hao wazee waliweka saini? Akasema kilichochapishwa kinasema tu *alama*, yaani hawakujua kuandika. Nikauliza alama gani. Akasema alama ni alama, Mama Mbwambo, msalaba.

Hapo ndipo aliponiudhi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Vyungu vya kijiji kizima vilikwenda sokoni pamoja, na kila mwanamke alikuwa na alama yake chini ya shingo ya chungu, mikwaruzo miwili, vidole vitatu, nusu duara. Hakuna aliyejua kuandika, na hakuna aliyewahi kuchanganya. Chungu kikipasuka mekoni mnunuzi alikirudisha kwa mwenye alama, akamtukana mwenye alama. Mtu asiyejua kusoma haweki alama yoyote tu. Anaweka yake.

Nikachukua likizo yangu, siku nne. Nikaomba vitabu vyenyewe huko hifadhini vinakotunzwa. Wakakataa: vimeshachapishwa, vitabu ni dhaifu. Nikajaza fomu. Wakakataa. Nikajaza ya pili, nikaandika sababu: nataka kuona alama, chapa haina alama. Wakasema mkuu wa chumba hayupo. Nikakaa. Siku ya pili nikakaa tena, na mkate wangu kwenye mfuko, nikatoka nje kuula, nikarudi nikakaa. Siku ya tatu yule mkuu akaja mwenyewe kuona ni nani huyu anayekaa. Kijana mwenye adabu. Akaniletea vitabu vitatu, mito, na nyoka wawili.

Cha kwanza, cha barua za waliofika. Pierre ameandika jina lake kwa shida. Chini yake mzee hakuandika. Amechora. Ni kile kimti chenye ncha mbili ambacho mfumaji hukipitisha na uzi huku na huku, na katikati amekikata kwa mstari mmoja wa kulala. Kidogo kama punje ya mchele, kimenyooka.

Cha pili, ubatizo wa mtoto aliyekufa. Kimti kile kile, mstari ule ule.

Cha tatu kilikuwa cha kanisa lingine, alikosalia Marthe. Nilikifungua taratibu maana niliogopa, sitawadanganya. Kilikuwepo. Ncha mbili, mstari katikati. Ila sasa mchoro umetetemeka, ncha moja imekwenda mbali na wino umedondoka, kwa sababu miaka minne imepita na mzee ni mzee. Alikuwa ametoka kanisani kwake akaenda kanisa la mkwe mpya, kumbeba mtoto wa pili wa jina lake.

Nilimwomba yule kijana athibitishe kwa macho yake. Akatazama kwa kioo, akaleta mwenzake naye atazame. Nikapiga picha zote tatu kwa simu.

Jumatatu nikampa Colin. Alizitazama vizuri, hilo nampa haki yake. Kisha akasema zinavutia. Halafu akasema ripoti imeshatoka, imeshasainiwa, na ofisi ikibadili neno kwa sababu ya mchoro, wateja wengine watakuja kudai. Nikamwambia wakija tuwafungulie vitabu.

"Mama Mbwambo, ripoti haitoki mara mbili."

"Basi hii itatoka kwangu."

"Kwako kama nani?"

"Kama aliyekiona kitabu."

Akaniambia taratibu kabisa kwamba nikienda kwa wadhamini, Jumatatu inayofuata nisije. Nikamwuliza kama hiyo naweza kuipata kwa maandishi. Akasema hataki tufike huko. Nikamwambia mimi nimeshafika.

Neema, wewe ulinipigia chapa ule ukurasa mmoja wa kuwapelekea wadhamini, saa ya chakula cha mchana, unatazama mlango. Nakushukuru, na sijakutaja kwa mtu mpaka leo. Uliniuliza niweke nini chini ya jina langu, maana wengine wanaweka herufi za shahada. Nikakuambia weka jina, halafu nukta.

Tulikwenda Ijumaa, mimi na Doreen, kwa basi, kwa sababu treni alisema hazina heshima. Alikuwa amevaa koti la sare yake ya zamani, vifungo amevisugua. Chumba kilikuwa cha kupendeza, picha za wazee wenye mawigi ukutani, na wadhamini saba mezani. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye jina la Kifaransa refu kuliko yeye. Walikuwa na ripoti ya Colin mbele yao, na ukurasa wangu.

Mwenyekiti akaniuliza nimesomea wapi kazi hii. Nikamwambia darasa la nne, shule ya kijijini kwetu, halafu miaka ishirini na mitatu kwenye vitabu vya babu zenu. Akaniuliza kwa nini ofisi yangu inasema vingine. Nikasema ofisi imesoma kilichochapishwa, mimi nimesoma kilichoandikwa. Nikawawekea picha tatu mezani, nikawaeleza habari ya jina na ya mjane, polepole, kama ninavyowaeleza ninyi. Walipeana kioo. Mdhamini mmoja mdogo, mwanaume wa miwani, akasema kumbe na babu yake ameandikwa *alama* tu, hajawahi kuiona. Nikamwambia aende akaione.

Kisha mama mmoja wa pembeni, mwenye lulu shingoni, akasema kwa sauti nzuri kuwa wanatuonea huruma, ila michoro mitatu inayofanana si cheti, na nyumba hizi zina masharti.

Doreen alinishika mkono chini ya meza, nadhani kunizuia. Hakunizuia.

"Mama," nikamwambia, "yule mzee alifika hapa bila cheti. Kwao walikuwa wamemchomea kanisa na daftari lake. Waliompokea walimkubali kwa neno la jirani na kwa mchoro huu huu, na ndiyo maana mna hivi viti. Mkiukataa leo, ukataeni tangu kitabu cha kwanza. Halafu tuhesabu nani atabaki humu chumbani."

Mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Akasema watatujulisha kwa barua. Njiani Doreen akaniambia nimeua kila kitu. Baadaye kidogo, basi linapita daraja, akasema lakini nimekiua vizuri.

Jumatatu nilikwenda kazini. Saa mbili na nusu, kama siku zote. Nikakaa kwenye kiti changu, nikachonga penseli. Mlikuwa mnanitazama wote kama maiti imefufuka. Colin akapita, akarudi, akapita tena. Saa nne akaniletea barua ya onyo, nisaini kuwa nimempa mteja habari zisizothibitishwa. Sikusaini. Niliandika chini yake, kwa penseli: *Zimethibitishwa, tazama kurasa tatu*, nikataja namba za vitabu. Ameiweka kwenye faili langu hivyo hivyo, na hajawahi kuniambia tena nisije. Miezi yangu mitano niliimaliza yote. Keki mlikula wenyewe.

Barua ya wadhamini ilichukua wiki tatu. Zilikuwa zimebaki siku tisa Doreen atoke Kilburn. Alinipigia simu ofisini, kinyume cha kanuni, akanisomea yote kwa sauti ya kutangaza vituo, anwani, tarehe, kumbukumbu namba, mpaka nikamwambia afike kwenye neno. Neno lilikuwa kwamba wamemkubali, kutokana na Isaac Vautrel, mfumaji, wa Poitou, aliyetambuliwa kwa alama yake. Wameandika hivyo wenyewe.

Nilimtembelea Jumapili baada ya kuhamia. Chumba cha chini, bustani ndogo mbele, mlango wa kijani. Wazee wenzake walikuwa wamekaa nje kwenye benchi, na mnajua watu wa nasaba walivyo, hata chai hawakuniacha ninywe. Bibi mmoja mwenye fimbo, anayejivunia wanahewa na amiri-jeshi wa familia yake, akamgeukia Doreen akamwuliza kwa kumpima yeye ni wa nani hasa, maana huyo bibi aliisoma orodha ya zamani, na kwenye orodha Isaac wa akina Vautrel alikufa mchanga.

Doreen aliweka kikombe chini.

"Huyo alikufa, maskini," akasema. "Babu yake akambeba mwingine."